Ufizi wa Dorika

Mwezi uliopita tulimzika Bibi Skolastika hapa Kasulu, na mimi nilipewa kazi ya kusonga ugali wa waombolezaji. Nilikuwa nyuma ya nyumba, moshi wa kuni mbichi umenijaa machoni, nasikiliza wasifu ukisomwa kwa kipaza sauti kule mbele. Waliosema walisema vizuri. Alikuwa mcha Mungu, hakukosa misa, aligawa mbegu za maharage kwa wajane. Hayo yote ni kweli na sina ugomvi nayo. Halafu akasimama mwanamke mmoja akasema, "Mikono ya mama huyu imeokoa watoto wetu. Nani hapa hajawahi kumletea mtoto, akamtoa meno ya plastiki?" Watu wakaguna kwa kukubali. Mwiko ukanikwama mkononi. Pembeni yangu binti aliyekuwa anaosha sahani alicheka na mwenzake, na kama kawaida yake akaziba mdomo kwa kiganja, kwa sababu pale panapotakiwa kuwa na chonge hana kitu, na jino la jirani limeota limelala upande. Ni binti wa kuolewa sasa, na sijawahi kumwona anacheka mdomo wazi. Nilitaka kulipiga teke lile sufuria. Sikulipiga, watu walikuwa na njaa. Lakini nilirudi nyumbani nimevimba kwa hasira, nikamwambia mume wangu nitaandika, na yeye akasema, "Andika, Mama Dorika. Ukikaa nayo utatupasukia sisi."

Kwa asiyejua, ni hivi. Mtoto mchanga akiharisha na kupata homa, huku kwetu watu wazima wanamfunua mdomo na kutazama ufizi. Wakiona umevimba na kuna weupe kwa ndani, wanasema yale ni meno ya plastiki, meno ya uongo. Wengine wanasema ni mnyoo kabisa, umekaa ufizini na unamla mtoto mpaka tumboni. Dawa yake ni kuuchimbua. Wanachimbua bila ganzi, kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa, mtoto ameshikwa mikono na miguu. Kinachotoka ni kitu cheupe, laini, chenye ncha, na kweli ukikiweka kwenye kitambaa kinafanana na funza. Mama anaonyeshwa, anapiga yowe, anashukuru. Mtoto asipokufa kwa damu au kwa kidonda kuoza, wanasema amepona. Mimi sijasoma sana, nimeishia kidato cha nne. Lakini nusura mtoto wangu wa kwanza afanyiwe jambo hilo, na nasema wazi kwamba mwaka ule ndio ulionifanya niwe mtu.

Nilikuwa nimeletwa Kasulu nikitokea Busunzu, Kibondo, nimeolewa na Fanueli, fundi ujenzi, ambaye siku nyingi alikuwa huko huko Kibondo kwenye kazi na kurudi mwisho wa wiki. Kwa hiyo mtu niliyeishi naye hasa alikuwa mama mkwe wangu. Nyumba yake ilikuwa ya matofali ya kuchoma, vyumba vitatu na sebule, jiko liko nje lakini limeegemea ukuta wa chumba changu. Ukuta ule haukufika juu kwenye bati. Harufu ya mawese yanapochemka ilikuwa inaingia kwangu kabla sijaamka, na maneno yalikuwa yanaingia pamoja nayo. Mama mkwe aliuza migebuka mikavu na dagaa sokoni, na mikono yake ilinukia samaki hata Jumapili. Alikuwa mtu mzuri, nataka lijulikane hilo. Siku nilizotoka kujifungua alinipikia sombe, kisamvu chenye karanga, na ndizi kila siku, akinikandamizia chakula. "Kula, mkamwana. Maziwa hayatoki kwenye upepo." Akiniona nimechoka alimchukua Dorika, akamfunga mgongoni, akaenda naye sokoni kumwonyesha kwa wenzake. Hakuna mtu aliyempenda mtoto yule kuliko bibi yake. Ndiyo maana ugomvi ulikuwa mgumu. Ningekuwa napigana na mtu mbaya ningelala vizuri.

Dorika alianza kuharisha alipokuwa anajifunza kutambaa, kipindi kile mtoto anaokota kila kitu anatia mdomoni. Ilikuwa asubuhi ya baridi, ukungu haujatoka barabarani. Nimekaa kitandani namnyonyesha, anaacha titi, analia, amechemka kama jiwe la jikoni. Upande wa pili wa ukuta nikamsikia mama mkwe akiongea na jirani yetu, Mama Jeni, mfuga mbuzi. "Nimemfunua jana," anasema mama mkwe. "Ufizi wa juu. Pande zote mbili." Mama Jeni akauliza, "Umevimba?" "Umevimba, na mweupe." "Basi usichelewe, dada. Wa kwangu nilichelewa." Nikasikia kijiko kinakoroga. Mama Jeni akauliza tena, kwa sauti ya chini, "Na mama yake? Huyu msomi wako?" Mama mkwe akajibu, "Mama yake ni mtoto vilevile. Atalia, kisha atanyamaza."

Nilivyosikia hivyo, kilichonijia kichwani kilikuwa beseni. Nilirudi kidato cha tatu, Kibondo, siku ya mahafali ya kaka na dada zetu wa kidato cha nne. Wapishi walikuwa wanachinja mbuzi nyuma ya bwalo, na mwalimu wetu wa baiolojia, Mwalimu Ruhaga, akaja mbio darasani amebeba beseni kana kwamba linaungua. Ndani kulikuwa na utumbo uliotoka kwenye mbuzi saa ile ile, na ulikuwa unacheza. Ulijikunja, ukajinyoosha, mawimbi yakapita juu yake. Wasichana tukarukia madawati. "Mnyoo!" mmoja akapiga kelele. Mwalimu alifurahi kana kwamba tumemwimbia. "Nani kasema mnyoo? Asante. Umekosea, lakini asante." Wiki ile alikuwa ametusahihishia jaribio na karibu darasa zima tulikuwa tumechanganya maneno mawili ya Kiingereza, vermiform na vermicular, tukidhani yote ni mamoja kwa kuwa yote yana mnyoo ndani yake. Akatoa kwenye beseni kipande kimoja cha utumbo kilichokuwa kimekufa, hakichezi, kirefu na chembamba. "Hiki kina umbo la mnyoo. Hiyo ndiyo vermiform, neno la umbo. Kile kidole tumbo mlicho nacho ninyi wote kinaitwa hivyo, na hakina uhai wake peke yake, hakiendi popote. Na huu unaocheza, mwendo wake ndio wa mnyoo. Hiyo ni vermicular. Hata zile njia za kujipinda mnazoziona kwenye ubao uliotobolewa na wadudu, mdudu mwenyewe ameshaondoka, alama imebaki, nazo zinaitwa hivyo hivyo." Mimi nikanyoosha mkono. Nikauliza, "Sasa mwalimu, mnyoo wenyewe tunauitaje?" Akajibu, "Mnyoo wenyewe unaitwa mnyoo, binti. Maneno haya yote mawili watu waliyatunga kwa ajili ya vitu ambavyo si minyoo."

Sikumwelewa siku ile kama nilivyomwelewa pale kitandani. Kitu kinaweza kufanana na mnyoo kwa umbo na kisiwe mnyoo. Kinaweza kwenda kama mnyoo na kisiwe mnyoo. Ili uniambie ni mnyoo, nionyeshe kwamba unaishi. Nikamvalisha Dorika sweta, nikatafuta khanga ya kumbebea niende zahanati. Nilichelewa. Nilipofungua pazia la sebuleni Bibi Skolastika alikuwa ameshakaa kwenye kiti kikubwa, kikombe cha chai ya maziwa mkononi, na mezani, juu ya kitambaa cheupe kilichopigwa pasi, kulikuwa na ile spoku.

"Mwidiwe, mwanangu," alinisalimia kwa Kiha, kwa upole kabisa. Nikamwitikia, nikapiga goti kidogo, maana adabu ni adabu. Akanyoosha mikono kumpokea mtoto. Mama mkwe akasema, "Mpe. Ni dakika tu. Wewe mshike miguu."

"Simshiki miguu, mama. Nampeleka zahanati."

"Zahanati watakupa maji ya pakiti," Bibi Skolastika akasema. "Maji hayaui mnyoo. Njoo utazame mwenyewe." Akamwinua Dorika mdomo kwa kidole gumba, kwa haraka ya mtu aliyezoea, kabla sijamkwepesha. "Unaona pale? Mweupe. Ndiye huyo."

"Bibi, hilo ni jino lake. Chonge. Halijakomaa, bado laini, linasubiri siku yake."

"Jino laini!" Akacheka, akamgeukia mama mkwe. "Umesikia? Na mawe laini yapo huko shuleni?"

"Nionyeshe mmoja uliowahi kutoka ukitembea," nikasema. "Mmoja tu. Ukiwa hai."

Hakuna mtu aliyekuwa anamjibu bibi yule hivyo. Mama mkwe akaweka mikono kichwani. "Mana yanje, Mungu wangu! Unambishia aliyemtoa mume wako hayo hayo, akapona?" Mimi nikamfunga Dorika mgongoni kwa khanga. Mama mkwe akasimama mlangoni. Hakunizuia kwa mkono, alinizuia kwa maneno: "Mtoto huyu akifa kwa ubishi wako, usikae kwenye mkeka wangu kumlilia." Nikampita.

Bodaboda alinifikisha zahanati bila kuniuliza kitu. Nesi alimbana Dorika ngozi ya tumbo, akaitazama inavyorudi polepole, akasema mtoto amekauka maji, umemuwahi. Tukapewa maji ya pakiti yale yale yaliyochekwa, ya chumvi na sukari, na vidonge vya zinki. Nesi akaniuliza maji ya kunywa ya mtoto yanatoka wapi na kama yanachemshwa. Nikakumbuka kikombe cha plastiki kwenye mtungi, ambacho kila mtu alichotea na kila mtu alimnyweshea Dorika. Nikakaa kwenye benchi namnywesha kijiko kwa kijiko, na katikati ya vijiko nikampigia Fanueli. Nyuma yake nilisikia zege linachanganywa. Nikamweleza. Akasema, "Mama Dorika, msikilize mama. Mama amelea." Nikamwambia, "Fanueli, pitisha ulimi kwenye ufizi wako wa juu. Una chonge?" Zege likaendelea kuchanganywa. Mwisho akasema, "Hapana." Nikamwambia, "Basi," nikakata simu.

Dorika alipona. Kabla wiki haijaisha alikuwa anatambaa tena na kuvuta sufuria. Nilidhani nimeshinda. Lakini wenzangu, ukuta ule haukufika kwenye bati. Asubuhi moja nikamsikia mama mkwe jikoni: "Ametulia tu yule mnyoo, amelala. Atarudi. Skolastika anasema apitie siku ya mnada, mkamwana akiwa shamba." Shamba letu la maharage lilikuwa Muyama, siku ya kupalilia naondoka mapema na kurudi jioni, na mtoto anabaki na bibi yake. Hapo ndipo nilipoogopa hasa. Ningeweza kukataa sebuleni, ningeweza kukimbilia zahanati, lakini siwezi kumbeba mtoto mgongoni maisha yake yote. Na mtu wa kumwachia alikuwa yule yule. Kumtisha mama mkwe kusingesaidia, kumtukana kusingesaidia. Ilikuwa lazima aone. Aone kwa macho yake, kwa kidole chake, kitu ambacho hata mimi nisipokuwepo hawezi kukisahau.

Siku ya mnada ilipofika nilisema naumwa kichwa, sikwenda Muyama. Nilikuwa sina mpango, nilikuwa na hasira tu. Lakini asubuhi ile tukasikia breki barabarani na yowe la Mama Jeni. Bodaboda alikuwa amemgonga mwanambuzi wake, mdogo, bado ananyonya, yule aliyekuwa anapanda juu ya lundo la kuni zetu na kuruka. Mama Jeni alimtukana kijana wa bodaboda mpaka watu wakatoka dukani kusikiliza, kisha ikabidi mbuzi achinjwe kabla hajafa. Mimi nikaona taya. Naapa, nilitazama mnyama yule na sikuona nyama, niliona taya. Nikamwambia, "Mama Jeni, naomba kichwa." "Kichwa cha nini, hakina hata supu?" "Naomba tu."

Kwa hiyo Bibi Skolastika alipofika, alinikuta jikoni nimekaa kwenye kigoda, kichwa cha mwanambuzi kwenye sinia, kisu mkononi. Mama mkwe alikuwa anakoroga dagaa, Mama Jeni ameketi kwenye kinu anaomboleza mbuzi wake, Dorika yuko mkekani anatafuna mwiko. Bibi alishangaa kuniona, lakini alikaa. Nilifungua taya, nikaenda nyuma kabisa, kupita magego yaliyokwisha kutoka, pale ambapo ufizi ulikuwa umevimba kidogo na ni mweupe kwa ndani. Nikauchana. Nikatoa kwa ncha ya kisu kitu laini, cheupe, nikakiweka kwenye jani la mgomba, nikalisogeza jani.

Bibi Skolastika ndiye aliyesema kwanza. "Si ndiye huyo! Nilisema mimi! Umemtoa wapi? Umemtoa kwa mtoto?"

"Nimemtoa kwa mbuzi wa Mama Jeni."

Mama Jeni akaruka kutoka kwenye kinu. "Mbuzi wangu hakuwa na mnyoo! Mbuzi wangu alikuwa mzima! Jana kapanda juu ya kuni pale, mmemwona wote!"

"Tumemwona," nikasema. "Hakuharisha?"

"Aharishe nini! Alikuwa ananyonya kama mwizi!"

Nikageuza kisu, nikapasua taya kwa pembeni, nikatoa la pili, lililokuwa mbele ya lile. Hilo lilikuwa gumu juu na laini chini. Kisha nikang'oa gego lililokwisha kutoka. Nikayapanga matatu kwenye jani. Sikusema vermiform, sikusema vermicular, ningeonekana mwendawazimu. Nilisema, "Mama, weka kucha." Mama mkwe akaacha mwiko ndani ya dagaa. Akachuchumaa. Akabonyeza la kwanza, likabonyea. Akabonyeza la pili, akasikia kwa kucha pale ugumu unapoanza. Akagonga la tatu, likalia. Akarudia la kwanza tena. Akafanya hivyo mara nyingi, kwenda na kurudi, na dagaa wakaanza kuungua, hakuna aliyewaondoa motoni.

"Ni kitu kimoja," akasema hatimaye.

"Ni kitu kimoja, mama."

Bibi Skolastika akainuka. "Mbuzi ni mbuzi, mtu ni mtu," akasema. "Nimetoa ya mtaa huu mzima, na hakuna aliyewahi kuja kunilaumu. Wewe shule imekuharibu." Nikamwambia waliokufa hawawezi kuja kumlaumu. Lilikuwa neno kali kumwambia mzee, na sijutii, ningelisema tena leo. Alichukua kitambaa chake chenye spoku ndani, akatoka kwa kujinyoosha, na mama mkwe, ambaye kila mara alimsindikiza mpaka barabarani, hakusimama. Alikuwa bado amechuchumaa. Aliniuliza bila kuniangalia, "Basi Fanueli nilimtoa meno yake?" Nikakaa chini karibu yake. Ningeweza kumpiga na jibu lile, nilikuwa nalo. Nikasema, "Ulitaka apone, mama." Akalia kwa kishindo, mbele ya Mama Jeni, mbele ya kichwa cha mbuzi, na Dorika akatambaa akaja kumpanda magotini.

Kuanzia siku ile kikombe cha mtungini kiliondoka. Yeye mwenyewe alichemsha maji ya mtoto, akayafunika, na ole wako uchovye kidole. Jino la kwanza la Dorika lilipotoka chini, mama mkwe alilisikia kabla yangu, likigonga kijiko cha uji. Lakini alikuwa hajaridhika. Alikuwa anasubiri zile chonge za juu, zile zilizokuwa nyeupe ndani ya ufizi. Kila asubuhi alinawa sabuni, akamfunua mjukuu wake, akatazama, akaenda sokoni. Yakatoka ya mbele, yakatoka magego, mwaka ukawa unamalizika na chonge bado. Mama Jeni akaanza uchokozi: "Dada, labda zilikuwa minyoo kweli, zimeshuka tumboni." Mama mkwe akamjibu, "Wewe funga mdomo wako wenye meno."

Wikiendi moja Fanueli alikuwa nyumbani. Mimi na yeye tulikwenda sokoni kumchukua mtoto, na kabla hatujafika kwenye meza za samaki tukasikia yowe, yowe la mtu aliyeumia hasa. Tukakimbia, tukisukuma watu na vikapu. Mama mkwe alikuwa amesimama juu ya kreti ya soda, Dorika mkono mmoja, kidole cha mkono wa pili kimenyooshwa juu, kinatoka damu. "Ameniuma!" alikuwa anapiga kelele, anacheka, machozi yanamtoka. "Njooni mwone! Chonge, za juu, zote mbili! Ameniuma, mjukuu wangu!" Wauza dagaa wakaacha meza zao. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mtoto mchanga mgongoni alikuja karibu kutazama kile kidole, na mama mkwe akakishusha mpaka mbele ya uso wake. "Meno haya yaliyoniuma ndiyo wanayoyaita mnyoo," akamwambia. "Wa kwako akiharisha, mpeleke zahanati. Akija mtu na spoku, mlete kwangu kwanza."